Spika ya Katikati

Ukumbi wa video wa Nashon, nyuma ya soko la Nakivubo, uliendeshwa kwa spika moja miaka kumi na minne, na watu wakajaa. Jumatatu akaiuza, akaleta mtambo wa sauti ya kuzunguka. Spika nne akazifunga kwenye pembe za ukumbi. Ya tano, ile ya katikati, akaitundika nje juu ya mlango, maana kila ukumbi mwingine wa Kampala hutundika moja nje kuita wateja. Tangu hapo wateja huingia, wakakaa kidogo, wakatoka wamenuna. Chini ya spika hiyo pana benchi la wanywaji kahawa wa Rahima. Rahima aliijua kasoro tangu Jumanne, akanyamaza. Birika lake moja la siku lilikuwa limegeuka matatu.

Leo Nashon alitoka nje, mikono kiunoni.

— Jamani, wamebaki watu wanne, na mmoja amelala. Kesho ikiwa hivi, mtambo unarudi dukani na mlango natia kufuli.

— Shida ni masikio, ssebo, alisema Injinia, fundi wa simu. — Sikio la Kampala limezoea sauti ya mbele. Ikija ya ubavuni linadhani ni bodaboda, linakwepa.

— Umesoma lakini hujapigana, alisema Afande Okeny, askari mstaafu. — Risasi ikilia nyuma yako, unatoka. Hao hawajanuna. Wana nidhamu.

— Na jana, ilikuwa filamu ya harusi? aliuliza Nashon.

— Harusi ni mbaya zaidi.

Spika juu yao ikakohoa. Mfasiri wa filamu, ambaye Kiganda chake ndicho watu hulipia, akatangaza kwamba aliyetia sumu ni mjomba.

— Banange! Nilijua! alisema Injinia. — Nyamazeni kwanza.

Wakanyamaza mpaka mjomba alipotoroka.

— Tulikuwa wapi?

— Masikio.

— Eh, alisema Injinia. — Tena sauti inachoka. Izunguke ukumbi wote, ikufikie na nguvu gani? Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvika. Spika zako haziviki, basi zimejaa. Zifungue, umwage.

— Zimejaa nini?

— Hiyo sasa ni kazi ya maabara.

Nashon akamgeukia Rahima.

— Mama Jibril, na wewe wasemaje?

Rahima akamjazia kikombe. Huyu ndiye aliyempa baraza hili bure, wiki ile alipotoka eda.

— Kunywa kwanza, baba.

Mlango ukafunguka. Akatoka Séraphine, muuza vitenge Mkongomani, tiketi mkononi. Hawakuwa wamewahi kumwona hapo.

— Ndani nimesikia mvua, na viatu, na farasi. Watu wanafungua midomo, maneno hakuna. Huku nje munajua mpaka habari ya mjomba. Mwenye kulipa ni miye, ao ni ninyi?

Injinia akachungulia ndani ya kikombe chake. Afande akaangalia barabara. Nashon akawatazama mmoja mmoja, kila mtu akitazama kwake, kokote ila juu.

Rahima akafunika birika.

— Kahawa imekwisha.

— Imekwisha vipi, na mvuke unatoka? alisema Injinia. — Na mjomba hajakamatwa!

— Imekwisha. Inukeni, Nashon anataka benchi apandie.