Zebaki ya Jumatatu

Mheshimiwa mgeni rasmi, waheshimiwa viongozi wa dini zetu, wazee wetu mliovuka maji asubuhi hii kutoka Nansio, wakufunzi kutoka Butimba, wafanyakazi wenzangu wa maabara, ndugu wageni waalikwa. Na wewe mama yetu, Wilhelmina Luhaga, ambaye viti hivi vimepangwa kwa ajili yako: wakubwa shikamooni, na wengine wote nawasalimu kwa heshima.

Naitwa Venant Muganyizi. Nimepewa dakika kumi za kumuaga mama huyu, anayestaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kupima maji, matope na samaki wa ziwa letu. Huenda mnadhani nimesimama hapa kwa sababu mimi ndiye mkuu wa maabara. Sivyo. Niliomba mwenyewe, kwa kuwa nina jambo la kukiri mbele yenu, na nikiliacha lipite leo sitapata tena ujasiri.

Ndugu zangu, mmewahi kuiona zebaki? Ni madini ya majimaji, yanang'aa kama fedha, na ukipokea chupa yake ndogo mkononi utashtuka kwa uzito. Mchimbaji akikichanganya kitu hicho na mchanga wake, kinashika dhahabu. Akikiweka juu ya moto, kinaondoka na dhahabu inabaki. Kinaondoka kwenda wapi? Hapo ndipo digrii zangu mbili hazinisaidii sana. Kitu kizito namna ile kinapanda hewani bila rangi wala harufu. Kinasafiri na upepo, kinashuka na mvua, kinalala kwenye matope ya ziwa, na humo vijidudu visivyoonekana kwa macho vinakigeuza sumu inayoingia kwa samaki mdogo, kisha kwa samaki anayemla huyo mdogo, hadi mezani kwetu. Nimeifanya kazi hii miaka kumi na minne, bado inanitisha, na bado inanishangaza.

Miaka sita iliyopita tulipewa kazi ya kupima sangara na sato wa upande wa Ukerewe. Matokeo yakaanza kutoka juu, juu kabisa ya kiwango kinachoruhusiwa. Nawaambia ukweli: nilifurahi. Nilikuwa na cheo kipya, na mtaalamu akigundua jambo kubwa jina lake hukua. Sikuwafikiria ninyi wazee wa Nansio, ambao ripoti ile ingefunga mialo yenu ya kushushia samaki. Niliiandika, nikaisaini, ikabaki saini moja tu, ya mama huyu.

Alikataa.

Kwetu maabara, kabla ya kupima samaki tunapima kwanza maji matupu, yaliyosafishwa yasibaki na kitu. Mashine ikionyesha sifuri, ndipo tunaendelea. Sasa kuna siku maji yale matupu nayo yalionyesha zebaki, nami niliandika pembeni, kwa mwandiko mzuri tu: hitilafu ya mashine. Mama Luhaga alikaa na daftari zangu siku mbili, kisha akaja mezani kwangu.

"Muganyizi," akasema, "hitilafu yako inakuja Jumatatu, siku ileile ya samaki wako waliozidi. Ikifika Alhamisi haipo. Hii mashine inaijuaje Jumatatu?"

Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya viongozi wa dini. Hakugombana nami. Alichukua koti langu, ambalo nilishinda nalo kazini kwa sababu ya kiyoyozi, akalifunga ndani ya mfuko wa plastiki, na kesho yake akavuta hewa ya mfuko ule akaipitisha kwenye mashine. Sijawahi kuona namba kama ile. Tulikuwa tunawasingizia samaki. Mwenye zebaki nilikuwa mimi, mpimaji.

Nilidhani atanicheka, au atanipeleka kwa wakubwa. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwisho wa wiki unalala wapi?"

"Geita, kwa wakwe zangu."

"Na mkeo?"

"Yuko hukohuko. Mimba ya kwanza, amekwenda kujifungulia kwa mama yake, ndiyo desturi yao."

"Ana miezi mingapi?"

"Sita."

Akavua glavu. "Washa gari," akasema. "Twende leo."

Baba mkwe wangu, Mzee Machibya, alikuwa ananunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo na kuichoma kwenye kikaango, katika chumba cha uani kilichopakana ukuta na chumba alicholala mke wangu Modesta. Mimi, ninayelipwa kuitafuta zebaki ziwani, nililala chumba kile kila Jumamosi, koti langu limetundikwa ukutani, nisione kitu. Mniulize, ilikuwaje? Ilikuwa hivi: mkwe mwenye adabu haulizi kinachofanyika katika vyumba vya baba mkwe wake. Anakaa alipowekwa, anakula alichopewa, anashukuru. Nilijua mzee anafanya biashara ya dhahabu, na kujua zaidi ya hapo niliona ni kukosa heshima.

Hata siku ile tulipofika uani, nilikaa nilipowekwa. Mama Luhaga ndiye aliyesema. Alimsalimu mzee kwa Kisukuma, akakaa, akaeleza yote taratibu, kuanzia koti hadi tumbo la Modesta. Mzee akamsikiliza, kisha akasema amechoma miaka ishirini na hajaugua hata siku moja. Mama huyu hakubishana naye. Chai ilikuwa imeshaletwa. Akamwomba, "Baba, nimiminie kikombe kimoja."

Mzee akamimina. Nusu iliingia kikombeni, nusu ikaenda mezani. Nyumba nzima walikuwa wanaijua mikono ile, na wote walisema ni uzee. Mzee alikuwa na miaka hamsini na tatu.

Modesta tulirudi naye Mwanza jioni ileile, amelala kiti cha nyuma. Binti yetu Odeta sasa ana miaka mitano; anahesabu, anakimbia, anabishana na mwalimu wake. Daktari aliniambia kwamba kama mama yake angemaliza miezi tisa katika chumba kile, hakuna ambaye angethubutu kuniahidi hayo.

Na samaki wa Ukerewe? Tuliwapima upya, mimi bila koti, wakatoka chini ya kiwango, na ripoti yangu nikaichana kwa mkono wangu. Lakini wazee wangu, msirudi nyumbani mkisema ziwa limetakata. Matope tuliyochota kwenye midomo ya mito inayotoka machimboni yanaonyesha zebaki ikiongezeka kila tabaka jipya, na mama huyu anatuachia kazi hiyo ikiwa haijaisha. Nitasema wazi: mimi humwogopa. Ni ile hofu mtu anayoipata akisimama karibu na kitu kilichomzidi. Kati yetu sote tulioitazama namba ileile ya Jumatatu, nani mwingine aliiona na kumfikiria mwanamke mjamzito aliyekuwa ng'ambo ya maji?

Mzee Machibya yumo humu ukumbini. Alikifunga chumba kile cha kuchomea wiki ileile. Leo amemletea Mama Luhaga mtamba wa ng'ombe, aliyefungwa pale nje kwenye uzio, na kama ilivyo kwao, kamba yake inakabidhiwa mbele ya watu. Jana nilimwambia, "Baba, watu watakuwa wengi, niachie mimi nikukabidhie."

Akanijibu, "Hapana, mkwe wangu. Nimewaalika wale ninaowajua, ambao bado wanachoma. Watakaa nyuma kule. Nataka waione hii mikono."

Ndugu zangu, nawashukuru kwa kunisikiliza hadi mwisho. Baba, karibu mbele.