Kiwiko Kisishuke

Treni ya asubuhi ilikuwa imejaa. Fundi cherehani alisimama mlangoni, mkono ukining'inia kwenye bomba la juu, masikio ameyaazima kwa watu wawili mbele yake. Kusikiliza hakuna nauli.

"Nataka kungfu ya kweli, si ya kupigia picha," mlinzi wa benki alimwambia mzee mpaka rangi aliyefahamiana naye kituo kimoja tu nyuma. "Nimekwama kati ya mtindo wa korongo na wa nyoka."

"Binti yangu, mtindo ni nguo tu. Tafuta mwalimu asiyekuachia kosa. Wetu, kiwiko chako kikishuka, anakiinua kwa vidole viwili."

"Anapokea wapya?"

"Alifariki mwaka juzi."

Mlinzi alicheka, kisha akajikuta anacheka peke yake. "Sasa nani anawafundisha?"

"Yeye. Tunajipanga, tunamwachia nafasi yake mbele. Kiwiko kikishuka, kinainuliwa."

"Mzee wangu, hiyo si shule, huo ni msiba."

"Ulisema unataka mwalimu makini. Hukusema lazima awe hai."

Fundi akaguna moyoni: wazee wengine hata marehemu hawawapi likizo. Mkono wake ulikuwa umechoka, kiwiko kikaanza kushuka taratibu.

Vidole viwili, baridi kama mkasi, vikakiinua.

Akageuka upesi. Nyuma yake palikuwa na mlango uliofungwa, basi.

"Uliuliza kama anapokea wapya," mzee alimwambia mlinzi, lakini macho yake yalikuwa kwa fundi. "Anapokea."

Treni ikasimama.