Mwalimu Jelle Kulow na Tawi la Mwiba kwenye Njia ya Mikoma

Assalaam aleikum, wazee wetu, mama zetu, walimu, wanafunzi, majirani, na nyinyi waheshimiwa wa kamati ya sikukuu mliowahi viti vya mbele. Naitwa Muse, marehemu ni abti yangu, ndugu wa mama, na familia imenipa mimi kusoma historia hii kwa sababu nina digrii ya utalii na muda ninao, kazi ndiyo sina.

Mwalimu Jelle Kulow alizaliwa tarehe 4 Machi 1971 huko Hadado, Wajir, mtoto wa tatu wa mzee Kulow na mama Osob, katika boma la ngamia, na angebaki na ngamia kama ukame haungewamaliza, ndipo akapelekwa shule, maana siku hizo shule ilikuwa ya mtoto ambaye hana mnyama wa kuchunga. Alisoma msingi Hadado na sekondari mjini Wajir, akafuzu ualimu Garissa mwaka 1994, akaajiriwa mwaka huo huo, ndiyo, hicho kitu kilikuwepo zamani, akaanza kufundisha jiografia Tarbaj, ambako alinunua baiskeli nyeusi na wazee wakamcheka, wakasema, "Kulow amezaa mtu wa kupanda chuma na ngamia wapo," naye akawajibu kwamba chuma hakimtemei mtu mate.

Tarehe 7 Agosti 1999 alifunga ndoa na Saynab, ambaye leo yuko eda na anatusikiliza kutoka nyumba ile pale, wakajaliwa Ruweyda, Aweys na Idman, kitinda mimba, ambaye yuko gredi ya sita.

Mwaka 2005 alihamishiwa hapa Kotile, na kila likizo aliwatoa wanafunzi kwa miguu na kwa baiskeli, kutoka shuleni, kupitia mikoma, mpaka ukingo wa Tana, akiwaonyesha twiga wakivuka asubuhi, na dhesheg, lile bwawa linaloachwa na mto ukishafurika, ambalo jua likichomoza linakuwa kama sinia ya shaba. Watu wa Garissa wakasikia, wa Nairobi wakasikia, wakaanza kuja sikukuu na baiskeli juu ya magari na makofia kama mayai ya mbuni, kamati ikaundwa, bango likachorwa, "Hidden Gem ya Kaskazini Mashariki," yaani kito kilichofichika, kana kwamba sisi tunaoishi hapa ndio tuliokificha.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo maisha yake yalipokatikia. Sisi sote tuliozaliwa upande huu, hata mtoto wa duksi anayeanza kusoma Kurani, tunajua kwamba ukikuta tawi la mwiba limelazwa kuvuka njia, kuna mtu ametangulia na anakwambia usipite, na tawi hilo haliondolewi na yeyote ila mkono uliolilaza. Mapema Desemba mwaka huu wa 2025, mvua ilipojaza dhesheg, Mwalimu aliona kiboko jike na ndama wake wamehamia humo, akaenda kwenye panda ya njia, akalaza tawi upande wa kulia, unaokwenda bwawani, akaacha wazi upande wa kushoto, wenye vumbi na vichaka.

Abdishakur, mwenyekiti wa kamati, na yuko hapa atanisahihisha, alimwambia mbele yetu, "Mwalimu, wageni hawajatoka Nairobi kuja kupiga picha na vumbi, toa huo uchafu," abti akamjibu polepole, "Walaal, ndugu yangu, huo si uchafu, huyo ni mtu amesimama," na wengine mkacheka.

Asubuhi ya Ijumaa tarehe 12, sikukuu ya Jamhuri, kamati ilituma vijana wa kibarua kusafisha njia, wasee wa rika langu, wengine na digrii zao, wanaojua mwiba njiani maana yake nini kuliko wanavyojua majina ya wahadhiri wao, wakaambiwa toeni, wakatoa. Siwalaumu sana, walahi, njaa nayo ina digrii yake. Mwalimu alikuwa nyuma kabisa ya msafara wa baiskeli za wageni, akiwaokota wanaochoka, alipofika kwenye panda akaona tawi halipo na alama za matairi zimekata kulia, akazifuata kwa kasi akipiga kengele, akawakuta wageni wamepanga mstari ukingoni wanapiga selfi, migongo yao kwa maji. Aliwafukuza kama mbuzi, mmoja mmoja, wote wakaondoka salama, yeye akabaki wa mwisho, kama kawaida yake, na kiboko akatoka majini.

Alikimbizwa hospitalini Garissa, madaktari walimhangaikia siku mbili, na neno lake la mwisho lenye kueleweka alimwambia Aweys, "Rudisha tawi langu," akafariki Jumapili tarehe 14 alfajiri, tukamzika jioni ile ile. Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raaji'uun.

Aweys alilirudisha baada ya maziko. Leo asubuhi, tukija kwenye dua hii, tumepita pale tukakuta tawi halipo tena, mahali pake pamefungwa utepe mwekundu, mpya, kutoka mkoma hadi mkoma, na nyayo za kiboko zimefika mpaka chini ya utepe. Tumeuliza, tukaambiwa ni wa uzinduzi wa tarehe 26, njia itaitwa jina lake, fulana za watoto wa shule zimeshachapwa, na Idman ndiye atakayekata utepe na kuongoza baiskeli za wenzake, kwa heshima ya baba yake. Heshima gani hiyo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochimba kaburi na mliopika, walimu wenzake mliokesha naye, na dereva Keynan aliyempakia bila kuuliza lolote. Kamati tunaishukuru kwa kufika, na jibu letu kwake ni hili, Idman hatakata utepe, hatapanda baiskeli siku hiyo, na tukimaliza dua sisi wa ukoo tunakwenda kwenye panda na mapanga, kila mmoja na tawi lake, mwenye mtoto katika shule ile aje na lake. La Mwalimu litakuwa juu ya yote, tumelipata limetupwa kichakani. Ni yeye aliyelilaza, na mila mnaijua, haliondolewi ila na mkono wake, na mkono wake tumeufukia wenyewe.

Tulia sasa, abti, Mola akupe kivuli, leo wewe lala, sisi tutasimama njiani.