Benchi la Maman Sidonie
Risala ya wasusi na vinyozi wa Matonge, mtaa wetu huu wa ughaibuni, kwa Madame Michelle

Mgeni rasmi, Madame Michelle, binti wa Bukavu na msimamizi wa mpango uliozipa saluni zetu tableti na mfumo wa kuandikisha wateja kwa simu: umefika kwenu. Tuanze na habari njema. Katika galerie yetu, jengo hili la maduka na saluni, hakuna tena mtu anayekaa kwenye benchi kungojea zamu. Hata mmoja! Mabenchi yote tumeyatoa. Mteja anajiandikisha akiwa kitandani kwake Uccle, anashuka kwenye metro pale Porte de Namur, anaingia, anasukwa. (Papa Tshibangu, usikohoe, ndiyo kwanza tunaanza.)

Anayekusomea ni Hénock, kijana aliyetufundisha mfumo huo. Tumemchagua kwa sababu anasema haraka, na kanisa hili lina ibada nyingine baada yetu.

TULIKOTOKA

Kabla ya tableti, mteja alisukuma mlango tu. Akikuta watu, alikaa. Kusuka kunakula nusu siku, kwa hiyo benchi lilikuwa na maisha yake: huyu anauliza nani amezaa, yule amesikia kuna kazi ya kutunza wazee mtaa wa Forest, wa tatu ananyonyesha. Hakuna aliyeliita benchi teknolojia, lakini habari zilifika.

TULICHOFANIKIWA

Tuseme ukweli, mfumo umetusaidia. Mama anayefanya kazi ya usiku hospitalini anaijua saa yake, hapotezi siku yake ya kupumzika. Wageni wanaona picha za misuko yetu kwenye simu na kuchagua kabla hawajafika. Tableti zako hatukurudishii, Madame, usije ukaelewa vibaya.

KINACHOTUSUMBUA

Maman Sidonie ni yule mwenye kitambaa cha manjano, safu ya mbele. Alipoambiwa kwenye mafunzo kwamba saluni ya kisasa haina benchi, alitii kuliko sisi sote: akalitoa siku hiyohiyo, akaweka ua la plastiki mahali pake. Jumamosi asubuhi akasimama mlangoni, viti vyake vitupu, maana aliyejiandikisha kwa saa nne bado alikuwa anaoga. Sisi tunajijua. Wanawake wawili wakapita, wakachungulia kwenye kioo.

— Bantu beko wapi? mmoja akauliza, akitafuta watu ndani.

— Hapa hakuna bantu. Pengine anaunguzaka bantu nywele. Tuende.

Sidonie alisikia. Amesuka Lubumbashi, amesuka hapa, na hajawahi kumuunguza mtu hata ncha ya sikio. Siku hiyo ndipo alipoelewa kazi ya benchi lake. Wale waliokaa pale walikuwa wakimwambia kila mpita njia, bila kufungua mdomo, kwamba mama huyu anajua kazi.

Wachache bado wanasukuma mlango wake, naye anawasuka. Lakini mfumo hauwaoni. Unahesabu waliojiandikisha tu, nao kwake ni wachache. Kwa hiyo kwako ofisini saluni yake inaonekana imelala, na tumesikia kwamba saluni zilizolala zitatolewa kwenye mpango. Akitolewa, wateja wa simu nao wataondoka. Atakuwa amepoteza benchi kwa ajili ya simu, kisha simu kwa ajili ya wateja wa benchi. Juzi alituuliza: « Mashine ilikuja kunisaidia mimi, ao ni mimi niko naisaidia? » Tukacheka. Halafu kila mtu akaanza kutazama viatu vyake.

TUNACHOOMBA

Usimtoe Maman Sidonie. Mfumo uwekewe kitufe cha mtu aliyeingia tu, bila rendez-vous, naye ahesabiwe kuwa ni mtu. Na benchi liruhusiwe kurudi. Likitakiwa liwe la kisasa, tutalipaka rangi.

TUNAKUOMBEA

Hénock alikuwa ameshavuta pumzi ya kumalizia, kinyozi Papa Tshibangu akasimama.

— Bon, Hénock, ngoja kwanza.

— Papa, risala haikatizwi.

— Unamudanganya Madame. Ati mabenchi yote tulitoa? Yangu iko, nyuma ya pazia. Na Jumamosi nani alikaa pale mpaka nikafunga?

— Papa, jamani...

— Nikakuuliza: mutoto, hauna rendez-vous? Wewe mwenyewe mwalimu ya mashine! Ukanijibu: « Papa, nywele zinaweza kungoja. Nilikuja kusikia habari. »

Kanisa zima likaangua kicheko. Madame Michelle hakucheka. Aligeuka kuelekea safu ya mbele.

— Maman Sidonie, benchi yako iko wapi sasa?

— Kwa kave, kule chini ya saluni, Madame. Chini ya masanduku.

— Bado iko nzima?

— Nzima kabisa.

Madame akamrudia Hénock, akamwashiria aendelee. Masikio ya kijana yalikuwa ya moto kwa aibu. Ilibaki mistari miwili, akaisoma polepole, kwa mara ya kwanza siku hiyo:

Mungu akulinde, Madame, na popote uendapo akujalie watu wa kukaa nao.

Ni sisi, Umoja wa Wasusi na Vinyozi wa Matonge.