Mwalimu Kisyeri na Msawazo Uliovuka Sirari

Kwa jina la Mungu Mwenyezi, aliyevipa vitu vyote kipimo chake. Wazee wetu, shikamooni. Walimu, wazazi na wanafunzi, Tumsifu Yesu Kristo.

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mwalimu Kisyeri Werema anastaafu baada ya kufundisha kemia kwa miaka thelathini na mitatu, kwanza wilayani Serengeti, kisha hapa Sekondari ya Nyabugera, Tarime.

Mada aliyoipenda kupita zote ni msawazo wa kikemia: hali ambayo mabadiliko mawili yanayopingana huendelea kwa kasi moja, hata mchanganyiko ukaonekana umetulia. Ukiusumbua, husogea upande wa kuupunguza usumbufu huo. Mwenzetu naye ndivyo alivyo: darasa likipaza sauti, yeye huishusha yake, mkuu wa shule akimharakisha, yeye hufuta ubao polepole zaidi.

Kasoro yake ni moja. Ulimi wake wa Kikurya haujapata kupatana na herufi "l"; huigeuza "r". Miaka kadhaa iliyopita alifundisha kwamba, katika mlinganyo wa ubaoni, joto husukuma msawazo fulani kulia. Darasa likasikia Kuria, kule Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Katika mtihani wa majaribio, kidato cha nne karibu wote waliandika kuwa mchanganyiko ule ukipashwa moto huhamia Kenya. Matokeo yalitisha, na bodi ya shule ikaitisha kikao cha wazazi kuamua kama kemia ifutwe.

"Mwalimu, huko Kuria mchanganyiko wako unafuata nini, bei ya mahindi?" aliuliza Mama Verdiana, mmoja wa wazazi.

"Mama, nirisema kuria, siyo Kuria!"

Ukumbi ulicheka hata padre akafuta machozi.

Mwalimu hakubishana tena. Alichukua mmumunyo wa kobalti uliotiwa asidi, wenye rangi ya waridi, akautumbukiza katika maji ya moto, ukageuka bluu, rangi iliyo kulia mwa mlinganyo wake, maana bluu hiyo hujengwa kwa kula joto. Akauhamishia kwenye maji baridi, ukarudi waridi. Kisha akainua mkono wa kulia na kutangaza kwamba tangu siku hiyo joto litaupeleka msawazo huo upande wa mkono wa ugari. Hakuna ambaye hakuelewa. Wazazi wakaamua kemia ibaki, na katika mtihani wa taifa hakuna jibu lililovuka mpaka.

Philomena, aliyekuwa katika darasa lile, leo ni mwalimu wa kemia, naye ndiye anayepokea funguo za maabara.

Asante, Mwalimu. Wewe na mkeo, Mama Agness, tunawaombea afya, ng'ombe wenye maziwa na asubuhi zisizo na kengele. Nawe msomaji, Mungu akubariki pamoja na wote walalao chini ya paa lako. Amina.