Safari Kumi na Nne za Sylvestre Kashindi kwenda Lisbon

Baba Paroko, ndugu, jamaa na marafiki mliofika kutoka Shard End, Tyseley na mbali zaidi, familia inawaomba mketi, na waliokosa viti watuvumilie, maana maisha ya mtu wa miaka sitini na minne hayasomeki kwa pumzi moja, na mjane, mama Gisèle, ameomba yasomwe yote, pamoja na yale ambayo marehemu mwenyewe aliyaficha.

Marehemu Sylvestre Kashindi alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Kalundu, Uvira, mashariki mwa Kongo, mtoto wa kwanza kati ya watano wa seremala Bonaventure na mama Faida, wakafuata dada watatu, na mwisho kabisa, tarehe 2 Mei 1978, akaja kitinda mimba, Anselme, ambaye mama yao alifariki akimwacha na miaka miwili, hivyo Sylvestre ndiye aliyembeba mgongoni, akamwogesha na kumlisha, hata majirani wakamtania kwamba amezaa kabla ya kuoa.

Alisoma shule ya msingi Kalundu kuanzia 1967 hadi 1973, kisha akaenda kusomea ufundi wa mitambo Bukavu, akahitimu mwaka 1979, na tarehe 1 Februari 1980 akaanza kazi katika kiwanda cha sukari Kiliba, alikodumu miaka kumi na sita. Tarehe 8 Agosti 1992 alifunga ndoa na Gisèle mjini Uvira, na Mungu akawajalia mtoto mmoja, Nadège, aliyezaliwa tarehe 30 Novemba 1999 katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania.

Kambini walifikaje, wengi mnajua, ila hili hamlijui. Mwezi Agosti 1996, vita ilipoanza kunukia, marehemu alimwamuru Anselme aende Luanda, Angola, asije akabebeshwa bunduki, naye Anselme hakutaka, alilia, akaondoka kwa sababu tu aliyesema ni kaka mkubwa. Miezi miwili baadaye vita ikaingia kweli, dada wawili wakafia njiani, Sylvestre na Gisèle wakavuka ziwa hadi Kigoma, na Anselme hakusikika tena mpaka tarehe 17 Septemba 2001, ilipofika Nyarugusu bahasha iliyopita mikono mingi, ndani yake picha moja, Anselme amesimama kwenye ngazi za mawe, nyuma yake ukuta wa vigae vya buluu, na nyuma ya picha ameandika, "Lisbon. Kaka, niko muzima, usihangaike." Anwani hakuweka, na barua nyingine haikuja.

Tarehe 22 Februari 2006 familia ilipokelewa hapa Birmingham, ikapewa nyumba Shard End, na marehemu akapata kazi karakana ya treni Tyseley, kwanza kuosha mabehewa, baadaye kuyakagua, kazi aliyoifanya hadi Novemba 2024. Huko alikutana na fundi mwenzake Tejinder, mzaliwa wa Kisumu, na Kiswahili cha Kisumu na cha Uvira vikagombana kila saa ya chai bila kimoja kushinda, na Tejinder ndiye aliyempa kamera yake ya zamani na kumfundisha kusubiri mwanga.

Safari ya kwanza ya Lisbon ilikuwa tarehe 10 Juni 2009, wiki ya Mtakatifu Antonio, anayeombwa na Wakatoliki wanapopotelewa na kitu, wakati mji mzima humiminika mitaani kula samaki wa kuchoma, na tangu hapo alirudi kila Juni, isipokuwa miaka miwili ya korona, jumla safari kumi na nne. Hapa kanisani tulimwita Mureno. Wapo waliosema, na wengine wamo humu ndani, kwamba wenzake wanajenga nyumbani yeye anapiga picha kuta za watu, naye alicheka tu, akazitoa picha, tramu za manjano zinazopanda mlima, nguo zilizoanikwa madirishani, mto Tejo asubuhi, maboksi na maboksi, hata Gisèle akawa anasema analala juu ya Lisbon, kwa kuwa yote yalikaa chini ya kitanda.

Ukweli ni kwamba alikuwa anamtafuta Anselme. Ngazi zile alizipata safari ya tatu, mwaka 2011, mama mmoja wa nyumba ya jirani akaitazama picha kwa muda mrefu, akatikisa kichwa, na marehemu akamwomba mkewe asimwambie mtu, kwa sababu akiulizwa itabidi aeleze nani aliyemfukuza mtoto nyumbani. Alikwishaandikia mashirika, ubalozi na maparokia, na majibu yote yalikuwa ya heshima na hayakuwa na kitu.

Mwaka 2016, asubuhi moja baada ya safari, Gisèle akipiga pasi, marehemu alimwambia, "Gisèle, siku tatu nilikuwa napiga picha ya mwangaza kwa ukuta, nilisahau kumutafuta mutoto, na nilikuwa na furaha." Gisèle akammiminia chai tu, na anasema mpaka leo linamkera kwamba hakumwambia kuwa mtu kupenda mji si dhambi. Mwaka 2018 walikwenda wote wawili, akamwona akisalimiana na wauza maduka kwa majina, akisimamisha kamera kwenye zile ngazi na kukaa saa nzima akingoja kivuli kisogee, huku kila akipita mtu mweusi wa makamo, jicho linatoka kwenye kamera, na mara moja aliiacha kamera hapo hapo, akamkimbilia mtu aliyetembea kama watu wa ukoo wao, akamshika mkono, na alikuwa mtu wa Guinea, ambaye hakukasirika, alimpigapiga begani mpaka pumzi ikamrudia.

Tarehe 19 Novemba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa hospitalini Edgbaston, na Juni mwaka huu ilipofika alikuwa hawezi tena kusimama. Alimwomba Gisèle aende badala yake, Gisèle akakataa kwa kuogopa kurudi na kukuta kitanda kitupu, akaenda Nadège, ambaye Kiswahili anakielewa chote ila hujibu kwa Kiingereza, na alipopiga simu kutoka ngazini baba yake akamwambia, "Acha ukuta, mama, piga watu," naye akajibu, "Okay, Papa, I've started." Zilikuja picha mia tatu na kumi na mbili, nyuso za watu tu, na kwa siku mbili marehemu alizipitia moja moja, Gisèle akimshikia simu, na Gisèle anakiri kwamba kuanzia picha ya mia alitamani aoneshe uso wowote aseme ndiye huyu, akashindwa. Ya mwisho ilipokwisha marehemu alisema, "Picha ni nzuri," akafumba macho, na tarehe 23 Juni 2025, saa tisa alasiri, akafariki dunia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, jirani yetu Raksha aliyetupikia tangu siku ya kwanza ya msiba, wenzake wa karakana, na Tejinder, maana akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Ni desturi kutaja aliowaacha, na mstari huo tumeuandika na kuufuta mara tatu, kwani wazee wa Uvira walishauri kwa simu Anselme ahesabiwe na waliotangulia, aliliwe pamoja na kaka yake, yaishe, na dada aliyebaki akasema hamziki mtu ambaye maiti yake haijaonwa, mpaka Gisèle alipochukua kalamu mwenyewe. Kwa hiyo, marehemu ameacha mjane, mtoto mmoja, dada mmoja, na mdogo wake Anselme, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, ambaye hadi saa hii hajapewa taarifa ya msiba.

Sylvestre, kutafuta umetuachia sisi, na hatujui pa kuanzia. Wewe pumzika, baba Nadège, pumzika kwa amani.