Yule Anayekaa Kando Yake

Nje ya kibanda cha kinyozi, pale njia mbili zinapokutana, kuna benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Ukikaa upande wa tofali kisha ukainuka ghafla, mwenzako anaanguka, kwa hiyo watu wa hapo wamezoea kuagana kabla ya kusimama. Mbele ya benchi kuna jiko la mkaa, birika jeusi na beseni la vikombe, na nyuma ya hivyo vyote, juu ya kigoda, anakaa mama mmoja ambaye ameamka kabla ya jogoo, amefua, amepika, amegombana na foleni ya bombani, na sasa anauza kahawa akiwa amevua viatu. Wanamwita Mama Mzee. Jina hilo alipewa kwa sababu ya mwanawe, kijana ambaye bado ndevu zake unaweza kuzihesabu. Kijana aliingia kanisa la Wamormoni akiwa shuleni, na alipomaliza masomo akatumwa ng'ambo kuhubiri kwa miaka miwili. Huko anavaa shati jeupe na tai, na kwenye kibao cheusi kifuani, mbele ya jina lake, wameandika Mzee, maana ndivyo wanavyowaita wamisionari wao wa kiume. Kijiwe kilipopata habari hiyo kilicheka mpaka kahawa ikapoa.

Mama Mzee mwenyewe hakuingia kanisa hilo. Wenyewe hawanywi kahawa, na kahawa ndiyo iliyomsomesha kijana. Alimwambia tu, "Dini ni yako na miguu ni yako, ila kula," akamfungia sanduku.

Jumatatu ndiyo siku ya mapumziko ya wamisionari hao: siku ya kufua, kwenda sokoni na kupiga simu nyumbani. Kwa hiyo kila Jumatatu alasiri, ambayo huko aliko kijana ni asubuhi, Mama Mzee huegemeza simu kwenye kopo la sukari, na benchi zima husogea karibu.

— Bado hajapiga? aliuliza Kinyozi, akitoka mlangoni na kitana sikioni.

— Ungeisikia.

— Chelewa chelewa utakuta mwana si wako, shemeji.

Mama Mzee akamtazama. Kinyozi akaona methali imeangukia mahali pabaya.

— Nasema kahawa yangu. Nimeagiza tangu saa ile.

Mama Mzee akammiminia, ila hakumpa.

— Jumatatu iliyopita macho yake yalikuwa mekundu, alisema. Nikamuuliza, akasema baridi. Baridi gani inaingia machoni? Leo nataka kujua. Kama anateseka, nitamwambia arudi, na huo uzee wamvue wenyewe.

— Utamuulizaje, Mama, na yule kakaa pale pale? alisema Spana, fundi wa baiskeli, ambaye karakana yake ni mti, ndoo ya maji na hilo benchi.

Hapo ndipo penye kazi. Wamisionari hao hutembea wawili wawili, na mmoja haruhusiwi kuachana na mwenzake. Katika kila simu vinatokea vichwa viwili. Mara ya kwanza kabisa Mama Mzee aliuliza, "Uko peke yako?" akajibiwa, "Hapana, mama, mwenzangu yupo. Hatuachani." Maneno hayo kijiwe kiliyatafuna, kikayameza, kikayacheua, kikayatafuna tena. Tangu siku hiyo Mama Mzee huuliza mambo ambayo hata askari akiyasikia hapati kesi. U mzima? Mzima, mama. Unakula? Nakula, mama. Soksi? Zipo, mama. Kisha wanaagana kama watu waliokutana benki.

— Yule si mwenzake, alisema Mstaafu, mzee aliyekula chumvi nyingi ofisini na bado huvaa kalamu mfukoni. Yule ni mtu wa taarifa. Nimeyaona mimi. Ukiona watu wawili wamepewa kazi ya mtu mmoja, mmoja anafanya na mwingine anaandika.

— Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, alisema Kinyozi.

— Na hii kamba imevaa tai, alisema Spana. Halafu mmeona? Wa kwanza walimwondoa, wakaleta huyu mwenye masikio makubwa. Masikio yale ni ya kazi.

— Acha masikio ya mtoto wa watu, alisema Mama Mzee, lakini moyoni alikuwa ameshayaona.

— Hebu tuipange wiki yake, alisema Mstaafu. Mambo ukiyapanga yanajisema. Jumanne?

— Kugonga milango, alisema Mama Mzee. Aliniambia. Jumanne mpaka Jumamosi.

— Kugonga tu?

— Kugonga, kuulizia hali, kueleza dini yao. Akikaribishwa anaingia.

— Asipokaribishwa?

— Mlango wa pili.

— Mwana wa mwenzio mkubwa mwenzio, alisema Kinyozi, na hakuna aliyejua methali hiyo imeingiaje. Mimi nawaambieni kitu. Zitazameni nywele zao. Zimekatwa sawa, pembeni sawa, shingoni sawa. Ule ni mkono mmoja. Maana yake nchi nzima ile wana kinyozi mmoja anayewanyoa wote, na kinyozi hapigwi chenga, kila siri anaijua. Huyo kinyozi ndiye mkubwa wao.

— Mkubwa wao ni baiskeli, alisema Spana. Kijana alituonyesha baiskeli, si ndiyo? Mbili. Pampu mliona ngapi? Moja! Na iko kwenye baiskeli ya mwenye masikio. Sasa Mzee wetu akitaka kutoroka atafika wapi? Tairi likilegea anarudi mwenyewe, kichwa chini.

— Na Jumatano? aliuliza Mstaafu.

— Jumatano wanabadilisha milango, alisema Spana. Iliyowafungia hawa, wanakwenda kuigonga wale.

— Alhamisi?

— Alhamisi wanahesabiwa, alisema Kinyozi. Ndiyo maana hawanywi kahawa. Mtu wa kahawa hahesabiki, anatokatoka. Hao wanalala mapema kama kuku, wanahesabiwa wamelala, na nasikia hata kuota wanaota wawili wawili.

— Umesikia kwa nani?

— Si nimesema nasikia?

Mstaafu akakohoa kikohozi cha mkutano.

— Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Birika likasimama hewani.

— Nani hakumfunza? aliuliza Mama Mzee.

— Binti yangu, nasema ulimwengu nao unasaidia...

— Lete kikombe changu.

— Bado kina...

— Kilete.

Mstaafu akakirudisha, kahawa ikiwa nusu. Kipindi hicho alikuwa ameshafika dada mmoja muuza mayai, anakokota baiskeli yenye pancha, na trei za mayai zimefungwa nyuma kwa mpira. Hakuwa mtu wa kijiwe hicho. Alikuwa amemwomba Spana amzibie tairi, Spana akamwambia, "Nakuja, dada, kuna jambo la kimataifa hapa." Dada akasimama akiishika baiskeli isilale, akisikiliza kwa lazima.

— Tumpe ishara, alisema Spana. Kama anateseka, ajikune sikio.

— Nitamwambiaje ajikune sikio, na yule anasikia? aliuliza Mama Mzee.

— Mwambie kwa mafumbo, alisema Kinyozi. Sema: "Mwanangu, mbuzi wa jirani akiwa na kupe hujikuna wapi?"

— Sisi hatuna jirani mwenye mbuzi. Atadhani nimechanganyikiwa, apande ndege.

— Si ndiyo unataka arudi?

— Nataka kujua kwanza!

Mstaafu akainua kidole. Uso wake ulikuwa umerudi utotoni.

— Kinyume. Tulikuwa tukisema kinyume shuleni, walimu hawashiki kitu. Unaleta silabi ya mwisho mbele. Kula ni laku. Rudi ni diru.

— Baridi?

— Dibari.

— Mzima?

Mstaafu akafikiri.

— Mamzi.

— Mwanangu, u mamzi? Unalaku? Mama Mzee akajaribu kwa sauti ya chini, akasikia ujinga mdomoni kama mtu aliyeuma kijiko. Akaendelea hivyo hivyo: Kama ni dibari tu niambie, kama si dibari, diru.

— Safi! alisema Spana. Mwenye masikio hapo kaliwa.

— Samahani, wazee wangu, alisema muuza mayai. Huyo mwenye masikio ni mtu wa wapi?

— Wa ng'ambo ya ng'ambo, alisema Kinyozi. Mweupe, ana nywele za mahindi.

— Sasa anajua Kiswahili?

Kinyozi alichomoa kitana sikioni, akaanza kukisafisha. Mstaafu alitoa kalamu mfukoni, akaitazama, akairudisha. Spana aliinuka bila kuaga, Mstaafu akashikilia ukuta asianguke, na Spana akaichukua baiskeli ya yule dada, akashusha trei, akaipindua, akaanza kutafuta pancha kwa bidii ambayo haijapata kuonekana kwenye kona hiyo.

— Jamani, nimeuliza tu, alisema dada.

— Miezi yote hii, alisema Mama Mzee. Miezi yote naongea na mwanangu kama niko kizimbani.

Hapo simu ikalia. Vikatokea vichwa viwili, mashati mawili meupe, na nyuma yao kamba yenye soksi.

— Mama, shikamoo.

— Marahaba. Mwanangu, huyo mwenzako anasikia Kiswahili?

Kijana akamgeukia mwenzake, akarudi.

— Huyu? Hata neno. Anajua "mama" tu, kwa kuwa nalisema kila Jumatatu. Kwani vipi?

— Na yule wa kwanza?

— Naye hivyo hivyo.

— Sasa kwa nini huniambii kitu? Kila siku mzima, nakula, zipo. Mimi nilinyamaza kwa ajili ya huyo. Wewe ulinyamaza kwa ajili ya nani?

Kijana akajikuna sikio. Spana, ambaye alikuwa ameshaiacha pancha na kusogea, akashtuka, akaangusha spana.

— Mama, mwenzangu hasikii. Wanaosikia ni hao walioko nyuma yako.

Mama Mzee akageuka. Vichwa vitatu vilikuwa begani kwake, na cha nne, cha muuza mayai, kilikuwa kinajifanya kinatazama trei.

Aliichukua simu, akavaa viatu, akaingia kwenye kibanda cha kinyozi, akafunga mlango na kutia komeo.

— Shemeji, humo mna kazi yangu! alisema Kinyozi kutoka nje.

Ndani palinuka spiriti na poda. Mama Mzee akafagia nywele kwenye kiti kwa kiganja, akakaa, akajikuta anatazamana na uso wake kwenye kioo. Hakuupenda. Akakipa kioo mgongo.

— Haya. Unalia?

Kijana akasogea karibu na simu.

— Nilikuwa nalia, mama. Miezi ya mwanzo. Watu wanafunga mlango kabla sijamaliza salamu. Ningekwambia, Spana angeitangaza mpaka sokoni.

— Angeitangaza. Na sasa?

— Sasa nimezoea. Kuna bibi mmoja tulimhamishia kabati, siku hizi anatungojea dirishani. Hataki dini, anataka tu kunionyesha picha za wajukuu. Jumapili naimba kanisani, sauti yao ya chini wameniachia mimi. Napika. Juzi nimepika maharage, jirani akaja kuulizia harufu.

— Macho yalikuwaje mekundu?

Kijana akashusha sauti, ingawa hapakuwa na haja. Kando yake mwenzake alikuwa anatabasamu kwa adabu, kama mgeni aliyepewa kiti na hajui harusi ni ya nani.

— Ni huyu. Hajawahi kulala nje ya kwao. Akizima taa anaanza. Nikimwacha hanyamazi, kwa hiyo nakaa naye tunaongea mpaka usingizi umchukue. Sikulala wiki nzima, mama. Ndiyo macho hayo.

Mama Mzee akamtazama yule mwenye masikio. Shingo yake ilikuwa nyembamba, kola imemzidi, na kwenye shavu alikuwa na mkwaruzo wa wembe, kama mtoto anayejifunza kunyoa bila baba. Mama Mzee alikuwa ameuogopa uso huo tangu ulipotokea kwenye simu.

— Kwa hiyo hutaki kurudi?

— Nitarudi siku ikifika. Nikirudi leo, huyu nimwachie nani?

Spana akagonga mlango.

— Mama Mzee! Mateka wetu anasemaje? Kahawa nayo imekwisha, birika linaungua!

— Lishushe! Una mikono! Kisha akamrudia mwanawe. Mpe simu.

— Nimpe nani?

— Huyo. Mpe.

Simu ikayumba, dari ikapita, soksi zikapita, kisha yale masikio yakajaa kwenye kioo cha simu. Kijana wa watu akakaa wima.

— Mama, alisema.

— Ndiyo, alisema Mama Mzee. Nisikilize. Unalia, na si dhambi, hata huyo alilia. Lakini unamkeshesha mwenzako. Kula kabla giza halijaingia, tumbo tupu ndilo linalolia. Miguu uioshe kwa maji ya moto. Mkwaruzo huo upake mafuta, na wembe usiubane, upitishe tu. Na Jumatatu, ukimaliza kufua, mpigie mama yako umwambie ukweli. Usimwambie mzima, mzima. Anajua.

Yule kijana alikuwa anaitikia kwa kichwa kila Mama Mzee alipopumua, na macho yake yalianza kulowa.

— Mama, alisema mwanawe kutoka pembeni, haelewi hata neno.

— Utamfasiria baadaye. Sijamaliza.

Akasogeza kiti karibu na mwanga wa dirisha ili kijana wa watu amwone vizuri, akaendelea pale alipoachia, kwenye mambo ya soksi.